Moyo wa Hamsini

Watu wa Isonga wananijua kwa mambo mawili: sokwe na uongo. Sokwe nimewafuata msituni miaka thelathini na moja, mgongo umelowa, tumbo linanguruma, daftari la hifadhi kwapani. Uongo niliuzoea hukohuko. Ukikaa mlimani siku nne bila kuona hata mkia wa ngedere, halafu ukateremka na wageni wakakuuliza umeona nini, utawaambia umeona majani? Mimi niliwahi kumwambia mgeni mmoja kwamba yuko dume mzee anayenyoa ndevu kwa jani la msasa kila Jumapili. Akaandika. Akapiga na mstari chini yake.

Kwa hiyo Kituo cha Mioyo kilipojengwa pale kilimani, nikaitwa kazini na kiinua mgongo changu nimeshakila, wenzangu walicheka mpaka kahawa ikawapalia. Kazi ilikuwa kuwatuliza sokwe wa Kituo: kuwalisha, kuwakuna, kukaa nao wanapoumwa. Wale sokwe hawakuwa wa msituni. Walitengenezwa. Kila mmoja alitengenezewa mgonjwa wake, kama suti.

Wa kizimba cha tano alikuwa na namba hamsini mgongoni mwa faili lake, nami nikamwita Hamsini. Alitengenezewa Mwinjilisti Yeremia Bitegeko, na huyo Bitegeko ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu Leokadia, tumbo moja.

Hapo ndipo utamu ulipoanzia. Bitegeko ndiye aliyekuwa akihubiri sokoni kwa kipaza sauti kwamba binadamu hana undugu na mnyama yeyote, na anayesema vinginevyo amtafute babu yake juu ya mti.

"Shemeji," aliniuliza mwaka mmoja mbele ya watu, "kama sisi tumetokana na sokwe, mbona sokwe bado wapo?"

"Shemeji, wewe na binamu yako Sabiyumva mna babu mmoja. Mbona Sabiyumva bado yupo, tena kila siku anakukera?"

Watu wakaangua kicheko. Nikaendelea: "Hakuna aliyesema tumetokana na sokwe. Wanasema sisi na yeye tulitoka nyumba moja, miaka milioni sita au saba nyuma, kila mmoja akashika njia yake."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwa napita."

Basi moyo wa mtu huyo ukatanuka, ukachoka, ukawa unapiga kama mlango usio na komeo. Madaktari wakampa miaka mitatu, minne akijitunza. Leokadia akamshika mkono, wakapanda kilimani wawili hao, mhubiri akatema mate kwenye kichupa ili atengenezewe sokwe wake. Nilipomtania alinijibu bila kupepesa: "Hata Bwana alimpanda punda, na hakuna aliyesema punda ni ndugu yake."

Jibu zuri.

*

Sheria ya Nasaba ilikuwa na umri wa miaka sita. Ilisema hivi: kiumbe ambacho vinasaba vyake vinalingana na vya binadamu kwa tisini na tisa kati ya mia, au zaidi, ni mtu, na uhai wake haugusiki. Chini ya hapo ni mnyama.

Mstari ule uliwekwa na watu waliojua wanachofanya. Vinasaba ni maandishi marefu sana yaliyo ndani ya kila tone la damu. Ukiyaweka ya sokwe wa msituni kando ya yako, ukasoma herufi kwa herufi pale yanapokutana, yanalingana kwa tisini na nane na nukta nane hivi. Ukihesabu na kurasa zilizonyofolewa na zilizorudiwa, undugu unapungua zaidi, lakini watunga sheria walichagua hesabu fupi. Kwa hesabu hiyo sokwe wa kawaida hafiki tisini na tisa hata umvalishe tai.

Taabu ni kwamba moyo wa sokwe wa kawaida mwili wa binadamu huukataa. Kwa hiyo Kituo kilichukua kijusi kikiwa hakijafika hata ukubwa wa punje ya ulezi, kikaondoa vipande virefu vya maandishi ya sokwe na kubandika vya mgonjwa mwenyewe. Halafu kilikuzwa kwa dawa, miaka mitatu kikawa dume kamili. Namba arobaini na tisa alibandikwa vipande vichache. Moyo wake ulipigana na kifua cha mwalimu mmoja wa Kasulu kwa siku tisa, mwalimu akafa. Kwa Hamsini, wakaongeza.

Nyongeza hiyo ilimfikisha kwenye namba gani, hakuna aliyeruhusiwa kujua kabla ya siku ya kupima. Dokta Mwavita, mkuu wa Kituo, hakujua kwa karatasi. Alijua kama mpishi anavyoijua chumvi kabla ya kuonja.

Mimi nilijua kwa macho. Juu ya paji la uso la Hamsini, upande wa kushoto, kulikuwa na kishungi cha nywele nyeupe. Kishungi hicho anacho Bitegeko. Leokadia anacho, hukificha kwa kitambaa. Baba yao alizikwa nacho.

*

Kabla ya upasuaji sheria ilitaka Siku ya Kutazamana: mgonjwa amwone mnyama wake kwa macho, mbele ya karani wa Baraza la Nasaba, ili asije akasema baadaye kwamba hakujua.

Sasa nieleze kosa langu, maana ni langu. Mimi ni Muha. Muha hampiti mtu kimya. Unachuchumaa kidogo, unakunja viganja, unapiga makofi ya taratibu, unaulizia nyumbani, mifugo, mashamba, mvua, na wewe unaulizwa, mpaka mtu mwenye haraka zake anaona bora angepita njia nyingine. Kila asubuhi, kwa miaka mitatu, nilifungua kizimba cha tano na kumwamkia Hamsini hivyo. Mchezo tu. Mzee aliyezoea kuongea na miti atashindwaje kuongea na sokwe?

Bitegeko aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, suti ya kijivu, Biblia mapajani, midomo imepauka. Leokadia alisukuma. Karani, dada mmoja mwenye miwani kutoka Tabora, alikaa pembeni na fomu zake. Dokta Mwavita akanipa ishara, nikafungua.

Hamsini akatoka kwa miguu minne, akasimama. Akamtazama mgonjwa, akainamisha kichwa upande kama anayesikiliza. Kisha akachuchumaa. Akakunja viganja. Pwa, pwa, pwa.

Na Bitegeko, mtu wa miaka sitini na moja, aliyefundishwa na mama yake kwamba asiyeitikia salamu hana kwao, akainua mikono kutoka juu ya Biblia kabla kichwa chake hakijapata habari. Pwa, pwa, pwa.

"Mwakeye," akasema, kwa ile sauti ya heshima tunayomwekea mwenyeji. "Mwakeye. Na wa nyumbani?"

Biblia ikaanguka sakafuni.

Hakuna aliyeiokota. Hamsini aliendelea kupiga makofi polepole, akingoja aulizwe mifugo, kwa sababu ndivyo nilivyomzoesha.

Karani aliinua kalamu. "Dokta, hii niandikeje?"

"Andika ametazama," akasema Dokta Mwavita.

*

Kesho yake Bitegeko aliniita wodini. Nilimkuta ameegemezwa mito mitatu, anapumua kwa mafungu.

"Ulimfundisha kunidhalilisha," akasema.

"Mimi nilimsalimia. Kuitikia alijifunza mwenyewe. Na wewe nani alikufundisha jana?"

Hakucheka. Shemeji na shemeji tumetukanana miaka arobaini. Mmoja asipocheka, jua mambo yameharibika.

Alilotaka nililijua. Sheria haikumwamini daktari kupima mnyama wake mwenyewe. Ilitaka Shahidi wa Nasaba: mtu asiye daktari, aliyemjua mnyama kwa muda mrefu kuliko wote. Shahidi anatoa damu kwa mkono wake, anaingia peke yake kwenye chumba cha Mizani, ile mashine inayosoma vinasaba. Namba inajitokeza kwenye kioo mara moja tu. Anaiandika kwa kalamu, kisha mashine inachoma damu na kufuta kumbukumbu, kwa sababu ndani ya damu ile mna siri za ukoo wa mgonjwa. Inabaki karatasi na mdomo wa shahidi. Shahidi wa Hamsini ni mimi.

"Atafika?" akauliza.

"Sijui."

"Unajua."

"Nadhani atafika."

Akafumba macho. "Akifika?"

"Akifika ni mtu, shemeji. Mtu hapasuliwi moyo akampa mwenziwe. Utarudi nyumbani."

"Kufa."

"Kufa."

Nje wauguzi walikuwa wanabishana kuhusu shuka. Bitegeko akasema taratibu, akipumzika kila maneno matatu: "Wewe maisha yako yote umedanganya bila sababu. Danganya mara moja kwa sababu."

"Na wewe maisha yako yote umesema yule si ndugu yetu. Kama si ndugu, Mizani unaiogopea nini?"

Nilijua nimempiga penye mfupa. Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe. Nilitegemea anitolee aya, anirushie punda wake. Akanyoosha mkono akanishika kifundo. Vidole vilikuwa baridi.

"Sina hoja, Ntiyamila. Nataka kuishi."

Miaka arobaini sikuwahi kumsikia akiniita kwa jina.

Leokadia alikuwa ukutani, nje ya mlango, kitambaa kimelegea, kishungi kimetoka. Tulitembea mpaka mwisho wa korido.

"Huyo ni mtoto wa mama yangu," akasema.

"Na yule pale chini ana alama ya baba yako."

"Nimeiona."

"Sasa?"

"Nimekwambia nimeiona." Akafunga kitambaa upya, akakaza fundo kama anayefunga mzigo wa kuni. "Miaka thelathini na moja nimelala peke yangu wewe uko na sokwe. Sikuwahi kukuomba uchague. Leo nakuomba."

*

Hamsini hakuogopa sindano. Alinyoosha mkono, akageuza uso pembeni, kama mtu mzima anayejikaza mbele ya watoto. Nikaichukua chupa, nikaingia kwenye chumba cha Mizani, nikafunga mlango.

Mashine yenyewe haina makuu, ni kama friji la duka lililolazwa. Ilinguruma muda wa kunywa vikombe viwili vya chai. Nilikaa kwenye kigoda na kufikiria uongo wote niliowahi kusema: nyati niliyemfundisha kuoga, samaki aliyenirudishia kofia, dume wa ndevu. Hakuna aliyewahi kuumia. Uongo wangu ulikuwa wa kujaza mahali patupu. Hapa hapakuwa patupu.

Namba ikatokea. 99.07.

Niliisoma mara tatu. Nikavua miwani, nikaifuta kwa shati, nikasoma tena. Sehemu saba za mia juu ya mstari. Kama mtu anazama kwenye maji ya kina, na unyasi mmoja ndio umemfikia mkononi.

Nikisema namba hiyo, Hamsini ni mtu. Si sokwe mwerevu, si kiumbe cha kuhurumiwa. Ni mtu, na Bitegeko hana moyo. Nisiposema, Bitegeko ana moyo, na mimi nimeua.

Nimesikia watu wakisema katika saa kama hizo mtu husikia sauti. Mimi nilisikia friji. Nilimfikiria Leokadia akikaza fundo. Nilifikiria vile vidole baridi. Sitaki kusingizia kwamba nilipima kwa haki. Yule mmoja angenililia mbele ya ukoo mzima, na mwingine asingejua kamwe kwamba nilimuuza. Nikachagua yule atakayenilaumu. Hiyo ndiyo sababu, nayo ni chafu.

Nikaandika 98.97. Uongo mzuri hukaa jirani na ukweli, mlango kwa mlango. Hilo nawafundisha bure.

Kioo kikazimika. Damu ikachomwa. Ilitoa harufu ya unywele ulioungua.

Barazani kulikuwa na watu saba nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti ni mtu wa hapahapa Isonga, amekunywa kahawa yangu na hadithi zangu kwa miaka mingi. Akaniapisha. Akauliza namba.

"Tisini na nane, nukta tisa saba."

Akaniangalia juu ya miwani. "Mzee Ntiyamila, hii si ndugu yake yule sokwe anayenyoa ndevu?"

Ukumbi ukacheka. Hata Dokta Mwavita alitabasamu. Palikuwa na mlango pale, umefunguliwa kabisa. Ningesema tu, "Mwenyekiti, umenikamata," na mambo yangegeuka. Nilihisi maneno yamefika kwenye meno.

"Hapana, Mwenyekiti," nikasema. "Hii ni kavu, haina chumvi."

Wakagonga muhuri.

Asubuhi yake nilimsindikiza Hamsini kwenye korido ya upasuaji. Aliijua njia kwa sababu ya vipimo vya nyuma, ambavyo kila kimoja kilikwisha kwa kupewa matunda, mabungo. Kwa hiyo alinitangulia. Alikuwa anageuka kila hatua chache kuhakikisha sijabaki nyuma, akinihimiza kwa mkono, mzee tembea. Mlangoni muuguzi alimpokea. Mimi sheria iliniishia hapo. Sikuwa nimebeba bungo hata moja, nikasema huko ndani watampa.

Huo ndio uongo wa mwisho niliomwambia, nao hakuuelewa, au aliuelewa. Sijui ile 99.07 ilikuwa na nafasi ya maneno kiasi gani.

*

Bitegeko alipona. Baada ya miezi mitano alikuwa anapanda kilima bila fimbo, mashavu yamejaa, sauti imerudi. Sokoni anahubiri, ila habari za sokwe haziguswi. Siku hizi ni ndoa na pombe. Tukikutana ananisalimu vizuri, kisha anakumbuka ana safari. Utani wetu umekufa. Nimejaribu kuufufua mara mbili tatu. Anacheka kwa adabu, kama mgeni.

Mimi nilidhani deni langu ni la kiumbe mmoja. Sikuisoma sheria mpaka mwisho. Kifungu cha kumi na nne kinasema kwamba mnyama aliyepimwa akathibitishwa kuwa mnyama, kiasi alichobandikiwa kinahesabiwa kuwa salama, na wanaotengenezwa kwa kiasi hicho hawana haja ya kupimwa tena. Moyo wa Hamsini ulikubali. Kiasi cha Hamsini kikawa ndicho kiasi. Wakati naandika haya wako kumi na mmoja chini kule, wengine wanajifunza kusimama. Hawana shahidi. Shahidi wao alishasema.

Wiki iliyopita Kituo kiliniita kunishukuru. Kulikuwa na soda, na sambusa, na cheti chenye fremu: *Kwa Uaminifu na Ukweli katika Utumishi*. Leokadia alipiga vigelegele, machozi yanamtoka. Mwenyekiti wa Baraza alinong'ona kwamba ningeshangaa ni wangapi walikuja kabla yangu na kutaka kuvuruga namba. Nikasema nashangaa.

Baada ya picha Dokta Mwavita akanishika mkono. "Mzee wangu, kuna zawadi yenyewe. Twende."

Tukateremka kwenye chumba chenye joto. Kulikuwa na sanduku la kioo, na ndani kitoto cha sokwe cha wiki chache, kimefungwa nepi.

"Sitini na moja," akasema. "Mama hapa alituletea mswaki wako tangu mwaka jana, alipoona unahema ukipanda ngazi. Hatukutaka kukwambia mpaka awe imara. Ni wako. Hulipi chochote."

Leokadia aliniangalia kwa upendo. Kweli, ulikuwa upendo. Namjua mke wangu.

Niliinama juu ya kioo. Nilitafuta kitu changu kwenye kile kitoto: masikio, vidole, pua. Sikukiona, nikashusha pumzi. Halafu taa ikamsumbua, akakunja uso kabla ya kulia, mdomo wa chini ukasogea kushoto, na nikamwona mama yangu. Mama hasa, siku ile tulipomletea habari kwamba baba hatarudi.

Dokta akaweka fomu juu ya sanduku, na kalamu.

"Kama una swali, Mzee, uliza. Hapa ni kwako."

Nilikuwa nalo moja tu. Nikamuuliza itachukua muda gani mpaka akue. Akasema miaka mitatu. Nikapiga hesabu ya umri wangu na pumzi zangu, nikaona nitafika.

Nikatia sahihi.